Bahari ya Barazani kwa Shangazi

Siku ile bado naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira hunipanda upya: nusu juu yangu mwenyewe, nusu juu yenu mnaoweka bahari ya kioo sebuleni na kuiua kwa uvivu uleule. Usiniambie hukujua. Maneno hayo niliyasema mimi kabla hujazaliwa, na hayakunisaidia.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru. Mzungu mmoja wa Diani alikuwa akifunga nyumba arudi kwao, nami nikalipata tangi lake la kioo kwa majogoo wawili na mkeka. Alitaka majogoo watatu. Nilimwuliza watatu atawafugia wapi melini, akakubali wawili.

Tangi nililitaka kwa ajili ya shangazi yangu, Mwanasha. Maisha yake yote alichokoa pweza mwambani hapa Msambweni, mpaka miguu ikamfa ganzi akawa mtu wa kitanda cha barazani, bahari anaisikia tu. Nikaapa kumletea mwamba nyumbani. Nikabandua matumbawe matatu hai, na minyoo kumi na wawili, wale wanaokaa ndani ya mirija na kutoa unyoya kichwani kama mwavuli mdogo. Niliwahesabu mara mbili.

Shangazi akasema, "Umeshawatoa. Basi watunze."

Akanipa masharti. Kila asubuhi nitoe debe moja la maji, nitie debe moja jipya kutoka baharini. Na mchana nichote kwa kata nimimine kutoka juu, maji yapate pumzi. Nikajaribu kupatana naye, iwe debe moja kwa siku mbili. Akaniuliza kama na mimi hula siku moja nikaacha ya pili.

Siku ishirini nilitii. Baadaye nikawa mjanja. Niliona jua linakunywa maji, tangi limeshuka vidole viwili. Kwa nini nimwage debe zima? Nikaweka mtungi wa maji ya bahari uani, nikawa najazia palipopungua, na ufukweni sikwenda tena. Maana mtu gani wa pwani angetia maji ya mvua kwenye kitu cha bahari? Shangazi aliuliza kila asubuhi kama nimebadilisha. Nikajibu ndiyo, kila asubuhi.

Minyoo wakaanza kuchelewa kufungua. Kisha wakafunga kabisa, na wengine wakaangusha unyoya wao, ukaelea kama vumbi la pamba. Tumbawe moja likawa jeupe. Shangazi akaniambia nimsogeze karibu na tangi. Akachovya kidole, akakiweka ulimini.

"Haya si maji ya bahari. Haya ni ya kuwekea papa wa chumvi. Umekwenda pwani leo?"

"Nimekwenda, Shangazi."

Hakunitazama usoni. Alitazama chini.

"Miguu haina mchanga."

Kisha akaendelea.

"Miaka yote nimetembea mwambani, sijakanyaga tumbawe hai hata moja. Wewe umelibandua, umeniletea kitandani, ukaliua mbele ya macho yangu. Na mimi siwezi kuinuka hata kulimwagia kata moja. Ulijua siwezi."

Hilo la mwisho ndilo linaloniwasha mpaka leo.

Akaniamuru nichote maji ya mvua pipani. Nikabisha, hata wakati ule! Akanieleza kama anayesema na punguani: jua hunywa maji, chumvi haliinywi. Kila siku nilikuwa naongeza chumvi juu ya chumvi. Nikatia kata moja, nikangoja, nikatia nyingine, kwa siku mbili, kwani kuwageuzia maji kwa ghafla kungewamaliza.

Siku ya tatu, maji yalipokupwa, niliwarudisha waliobaki, kila mmoja kwenye ufa nilimomtoa. Matumbawe mawili, minyoo saba. Nilihesabu mara mbili, nikitumaini nimekosea.

Niliporudi Shangazi alitazama miguu kwanza. Halafu akauliza wangapi wamefungua.

"Watano," nilisema. "Wawili sijui."

Akatikisa kichwa kukubali. Tangu nianze kumdanganya, hilo ndilo neno la kwanza la kweli alilolisikia kwangu. Tangi likawa la kulelea vifaranga.

Basi sikiliza, mwanangu. Maji yaliyopungua kwa jua yajazie yasiyo na chumvi, kidogo kidogo. Sehemu ya maji yaliyochoka itoe, utie ya bahari, hata kama mgongo unauma. Mnyoo asipofungua unyoya anakulalamikia, usingoje auangushe. Kilicho hai mwambani kiache mwambani. Na mtu asiyeweza kuinuka akahakikishe, huyo usimdanganye kamwe.

Mola akupe afya, akupe moyo wa kutunza ulichokishika, na siku utakapoulizwa kama ulikwenda, akujalie miguu yenye mchanga.