Kitabu cha Vampiri Ndani ya Karatasi ya Kaki

Kuna wazazi hapa mtaani kwetu Katuba ambao mpaka leo nikikutana nao sokoni ninageuka na kujifanya ninachagua nyanya, na si kwamba walinikosea, hapana, ni mimi niliyejiaibisha mbele yao Jumamosi moja asubuhi, na heri ningejiaibisha peke yangu bila kumwumiza mtoto wa watu.

Nina miaka hamsini na moja, watoto wangu wote wako kwao, na shuleni mimi ndiye mkuu wa nidhamu (wanafunzi wananiita Mama Disipline, wanafikiri sijui). Kazi yangu ni kuangalia sketi, nywele, kunyang'anya simu. Siku moja nilipita nyuma ya darasa nikamkuta Ornella, msichana mpole ambaye hajawahi kunisumbua, anasoma kitabu chini ya meza katika saa ya hesabu, na juu ya jalada kuna kijana mweupe kama chokaa, midomo myekundu, meno ya pembeni marefu. Vampiri, yaani mfu anayetoka kaburini kunywa damu ya watu, na huyu, kama nilivyokuja kujua baadaye, alikuwa anapendana na msichana wa shule. Nilikichukua. Ornella alinifuata mpaka ukumbini, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba kitabu si chake, ni cha mtoto wa shangazi yake anayekaa mtaa wa Golf, ndiye anayemwazima vitabu. Nikamjibu angefikiria hayo mapema.

Ningeishia hapo. Lakini niliona nifanye kazi yangu vizuri, nikamwita mama yake, mwanamke anayeuza unga, muntu wa maombi sana, nikamwambia binti yake anasoma mambo ya batumbula (wale wanyonya damu ambao bibi zetu walituogofya nao tulipokuwa wadogo), na kwamba pepo mbaya huingia kwa mlango kama huo. Mimi mwenyewe sikuwa nimesoma hata mstari mmoja. Mama wa watu alinishukuru kwa mikono miwili.

Kesho yake wakati wa mapumziko mvua ilikuwa inapiga bati, ofisini niko peke yangu, kitabu kiko mezani, nikasema acha nifungue ukurasa wa kwanza tu, nijue ninachopigana nacho. Kengele ilipolia nilikuwa ukurasa wa arobaini na sikuisikia, walimu ndio waliokuja kuniuliza kama ninaumwa. Yule vampiri aliitwa Aurélien, ana miaka mia mbili na sura ya miaka kumi na nane, na kila mara akimkaribia msichana anageuka na kuondoka ili asimwume, na mimi, mama mzima, nywele zinaanza kuwa mvi, nilikuwa ninamsihi abaki.

Nilikimaliza kwa siku tatu. Nikaenda mjini kwa wale wanaotandaza vitabu vya mitumba barabarani nikatafuta cha pili, cha tatu na cha nne, nikamdanganya muuzaji kwamba ni vya binti yangu (binti yangu yuko Kolwezi, ana watoto wawili, hasomi kitu isipokuwa simu yake). Nilijaribu kumsimulia mume wangu aliporudi na lori lake kutoka Kasomeno, akanisikiliza, kisha akauliza kama huyo kijana ana kazi. Basi nikawa sina wa kuongea naye, nikaanza kuandika maneno yangu kwa penseli pembeni mwa kurasa, na ili mtu asione jalada nikakifunika kile cha kwanza kwa karatasi ya kaki kama madaftari yangu yote, nikaandika juu yake: Nidhamu.

Ornella alikuja kukiulizia mara mbili. Mara ya pili nilikuwa ninakirudia kukisoma, kiko ndani ya droo, wazi kabisa, na nikamwambia kimechomwa. Alisema asante mama, akatoka.

Sasa ile Jumamosi kulikuwa na mkutano wa wazazi, darasa kubwa limejaa, wengine madirishani. Prefe, mkuu wetu wa shule, akaniita nisome ripoti ya nidhamu, lakini mafua yalikuwa yamenikausha koo, sauti haitoki, nikanyoosha mkono kwenye madaftari yangu mezani, nikachukua la juu bila kuangalia, nikampa mwenyekiti wa wazazi anisomee. Baba huyo alikuwa mwalimu zamani, ana sauti ya kanisani, na si mtu wa kuangalia kwanza anachosoma. Alitaja jina lililo juu ya karatasi, akafungua palipokuwa na utepe niliouweka nilipofikia kusoma, akaanza.

Alisoma kwamba Aurélien aliinamisha midomo yake baridi juu ya shingo ya msichana. Nadhani alifikiri ni kosa la mwanafunzi fulani, maana aliendelea kwa ukali, kisha akafika pembeni, kwenye penseli, akasoma na hiyo: "Mutoto, usimuache aende. Mume wangu aliniangaliaka hivi zamani."

Darasa zima likaangua kicheko. Prefe akainamisha kichwa. Nikaenda kumnyang'anya kitabu, karatasi ya kaki ikapasuka kati yetu, na jalada likatokea, kijana na meno yake, mbele ya wote.

Ningevumilia kicheko. Lakini mama ya Ornella alisimama katika safu ya pili, na yeye hakucheka.

"Mama, hii njo kile kitabu mulinyang'anya mutoto wangu?"

Nikaitika kwa kichwa.

"Muliniambia iko ya batumbula. Mutoto nilimupeleka ku maombi wiki tatu, alifunga, alilia, anasema hana kitu. Sasa mwenye pepo alikuwa nani?"

Hakuna aliyecheka tena. Nilikaa chini. Mkutano uliendelea na mambo ya vyoo na sare, lakini sikumbuki kitu, isipokuwa mgongo wa mama ya Ornella akitoka mlangoni.

Prefe alinipa barua ya onyo, nilistahili. Jumapili alasiri nikabeba vitabu vyote vinne nikaenda kwao. Nilimwomba mama msamaha, akaniambia amesikia. Nikamwomba Ornella pia, na ndipo nilipojua kwamba mtoto wa shangazi yake alimtuhumu kwamba amekiuza kitabu chake, na tangu hapo hakumwazima kingine. Alipokea vile vinne, akaviweka juu ya kabati bila kufungua, akanishukuru kama wanavyotushukuru walimu, macho chini.

Njiani nzima nilikuwa nimejitayarisha, nimuulize kama na yeye alilia Aurélien alipoondoka mara ya kwanza, nimwambie avumilie cha tatu kinachosuasua. Katika Katuba yote huyo ndiye muntu mumoja ambaye ningeweza kuongea naye habari hizo, na ndiye niliyemtesa. Nilikunywa maji waliyonipa, nikaaga.

Siku hizi kitu nikikinyang'anya asubuhi ninakirudisha kengele ya mwisho ikilia, sikifungui, na mzazi simwiti kwa jambo nisilolijua. Ornella huniamkia kila asubuhi mlangoni, kwa heshima. Hajawahi kuniambia kama alivisoma, na mimi sina uso wa kumuuliza.