Makofi ya Mama Immakulata na Kiboksi cha Kasulu

Kuna mama alikuwa ananipigia makofi kila jioni, peke yake, kasimama uani kwake.

Nikaamini nimeshakuwa staa. Wakuu, sogeeni niwape yaliyonikuta Kibondo mwaka 2013.

Mimi ni mwalimu, mtu wa Morogoro, huko nilipangiwa kazi. Nilipanga chumba kwa Mama Immakulata, mjane wa Kiha, mama mwenye adabu zake.

Chumba cha pili alikaa nesi Loyce, binti wa Mbeya. Alikuwa zamu za usiku, mchana analala mpaka magharibi. Niseme ukweli tu, nilikuwa nimempenda vibaya mno, ila mdomo mzito.

Sasa kilichoniponza ni amplifaya ya gitaa.

Niliinunua kwa Nsabimana, mpiga gitaa wa kanisani kambi ya wakimbizi ya Mtabila, wakati kambi inafungwa na wao wanarudi Burundi. Ni ya kizamani, ya zile taa za kioo zinazowaka kwa ndani kama chemli. Wati tano tu. Nikadhani ni katoto.

Wapi. Ukishusha volyumu, utamu wote unakufa. Ukipandisha mpaka utamu uje, bati la nyumba linatetemeka.

Siku ya kwanza nimeipandisha, nikachungulia dirishani. Mama Immakulata yuko uani, kapinda magoti kidogo, anapiga makofi taratibu huku midomo inacheza. Nikajua anaimba na mimi. Nikaongeza.

Kesho yake tena. Kesho kutwa tena. Ikawa napiga huku namtazama yeye.

Jioni moja Loyce akanigongea, macho mekundu.

"Mwalimu, nakuheshimu. Mwezi ukiisha nahama. Nimeshapata chumba karibu na hospitali."

"Loyce, nisikilize kidogo."

"Nimekusikiliza vya kutosha. Hata ndotoni nakusikiliza wewe."

Yaani mtu sijamwambia hata nampenda, na anaondoka. Jumamosi nikadaka gari la Kasulu, mpaka kwa fundi Isihaka mwenye duka la redio.

"Hapo unataka kiboksi cha kukaa kati ya amplifaya na spika," akasema. "Wewe piga kwa nguvu zote. Kiboksi kinameza nguvu, kinaigeuza joto, spika inapata kinachobaki. Ninavyo viwili."

Kimoja kidogo, kinakata nusu. Kingine kizito, kina swichi ya kuzungusha inayoshusha mpaka kunong'ona.

"Chukua kizito. Ukikata nusu ya nguvu, sikio wala halishtuki."

Nikamwambia haiwezekani, nina shabiki. Nikishusha sana, mama wa watu atasikia nini pale uani? Nusu ya Loyce, nusu ya Mama. Nikajiona nimetumia busara.

Isihaka akanitazama kwa huruma. "Haya mwalimu. Mimi nipo."

Nikafunga kile kidogo, nikapiga. Bati likatetemeka vilevile. Mama akaja na makofi yake. Nikamkonyeza.

Asubuhi nikamkuta Loyce anafunga godoro kwa kamba.

Nilirudi Kasulu hata sijaoga. Isihaka alikizungushia kile kizito gazeti bila kuniuliza kitu.

Jioni nikazungusha swichi mpaka chini. Gitaa likatoka na utamu wake wote, ila dogo, la humohumo chumbani. Mama akaja kama kawaida. Na kwa mara ya kwanza nikasikia midomo ile inasema nini.

"Mwidiwe, mwalimu. Mwidiwe, mwana wanje. Nakuomba, hicho chombo kipunguze. Kuku wangu wameacha kutaga."

Nikatoka nje mbio. Loyce kakaa juu ya godoro lake, ananishangaa.

"Kwani hukujua? Hiyo 'mwidiwe' ni salamu, na Waha wakikusalimia kwa heshima wanapiga makofi. Wodini nasalimiwa hivyo kila siku. Mama wa watu anakuja kukuamkia ili akuombe, na wewe huitikii. Mimi nikajua unamdharau makusudi."

Nilipiga magoti palepale uani, nikapiga makofi, nikaomba radhi. Aibu niliyoisikia siwezi kuwaelezea. Mama akaitikia, akaniinua, akasema yameisha.

Nikamgeukia Loyce. "Kelele zimekwisha. Usihame basi."

"Zimekwisha kweli. Ndiyo maana leo nimesikia unavyopiga."

"Ikoje?"

"Mwalimu, nyuzi mbili haziko sawa, na vidole vyako vinachelewa. Baba yangu anapiga gitaa la kwaya. Lete hapa."

Akanyoosha nyuzi zangu akiwa kakalia godoro. Kamba aliifungua mwenyewe.

Funzo: ukitaka kujua watu wanakuonaje, shusha kwanza sauti yako.

Mimi nilishusha nikaambiwa sijui gitaa. Na nashukuru, maana aliyeniambia ndiye huyu anayefoka sasa hivi kwamba ugali unapoa.