Elia alicheka, nyumba ikaenda

Leo tumevamiwa na watu kumi, ila niliyemkasirikia ni mmoja tu, binamu yangu Elia.

Kwenye gemu tuko wawili, mimi huku Mwika, yeye Majengo mjini. Kundi la watu kumi hatuliwezi, kwa hiyo tulijenga nyumba mbili. Kubwa ilikuwa ya kuwadanganya. Ndogo tuliificha nyuma ya mawe, na humo tuliweka vyote tulivyokusanya likizo nzima.

Leo wamekuja, wakalipua ile kubwa, wakakuta masanduku matupu.

Jamani, WALIKUWA WANAONDOKA!

Elia akawasha maiki. Ukiongea, adui aliye karibu anakusikia, na Elia anajua hilo vizuri.

"Poleni wazee! Humo hamna kitu!" Akacheka.

Wakafuata kicheko hadi kwenye mawe. Wamebeba kila kitu.

Kiongozi wao akasema, "Dogo, unachekesha, njoo kwetu. Huyo bubu wako mwache."

Na Elia akaenda! Eti, "Usimaindi, ni gemu tu."

Mimi siongeagi kwenye maiki, mnanijua. Leo nikaiwasha ili niwatukane, na kilichotoka ni:

"Shikamooni."

Wamekufa kwa kicheko. Elia pia. Mpaka sasa masikio yanawaka.

Nyie mngemsamehe?

Elia, najua unasoma. Naanza kujenga upya, peke yangu, kimyakimya.

Nyie sasa mko kumi na moja, na mmoja wenu hawezi kufunga mdomo.