Mwenye Saksafoni Alikuja Kulalamika

Haya yalinipata mimi mwenyewe, saa nane mchana, nikiwa nimeshiba na sijameza dawa yoyote. Nasema mapema kwa sababu nikifika katikati utaanza kunitazama vile dada yangu alinitazama, na sina nguvu ya kutazamwa hivyo tena. Kama huamini, acha hapa. Kama unaamini, kaa, ujue kwa nini nikisikia mwanamume akitaja saksafoni natafuta mwiko.

Tunaishi Tetu, upande wa juu, ambapo mwezi wa saba ukungu unaingia mpaka sebuleni bila kubisha hodi. Mume wangu, Baba Wangui, ana duka la vifaa vya stima mjini Nyeri. Hiyo ndiyo kazi yake. Ugonjwa wake ni santuri. Zile sahani nyeusi za zamani, na si zote: anataka jazi, anataka rithimu na bluzi, na lazima ndani kuwe na saksafoni. Bila saksafoni, anasema, huo ni muziki wa kungojea daktari wa meno.

Unajua hawa watu wa santuri wanazitoa wapi? Nimeolewa na mmoja, kwa hivyo nitakuambia. Matangazo ya vifo redioni. Watu wengine wakisikia mzee fulani wa Mweiga ametuacha, wanasema "woi, pole." Baba Wangui anaongeza sauti na kuuliza, "Alikuwa na miaka mingapi? Wamesema aliwahi kufanya kazi kwa hoteli?" Halafu anangoja wiki mbili, ati kwa heshima, na anaenda kuwapa rambirambi akiwa amebeba katoni tupu.

Ndivyo alivyoileta ile ya Mzee Gathogo. Mzee mwenyewe ndiye aliyekuwa amepiga saksafoni kwenye santuri hiyo, na bendi ya watu wanne, zamani za ujana wake. Karatasi ya katikati ilikuwa imeliwa na unyevu, limebaki jina lake tu. Baba Wangui aliiweka kwenye mashine, na ikatoa mlio mzito, wa polepole, kama ng'ombe aliyekwama kwenye tope. Bwana yangu akafuta machozi. "Sikia hiyo huzuni," akasema. "Sikia huo uzito. Hakuna mtu duniani alipiga hivi." Akawatumia wenzake kwa kikundi chao cha simu. Na wao wakalia.

Mimi ningeitupa kwa boma la nguruwe, isipokuwa kwa jambo moja. Wangui wetu, miezi saba, alikuwa hajui kulala. Si utani. Mchana halali, usiku anasinzia nusu saa nusu saa, na mimi nilikuwa nimefika mahali pa kuweka majani ya chai kwa friji na maziwa kwa kabati. Nilishawahi kusinzia kwenye ngazi za kanisa nikiwa nimesimama. Lakini ng'ombe yule wa santuri akianza kulia, mtoto analegea na kulala saa nzima. Hakuna kingine kilichofanya kazi, na niamini, nilijaribu kila kitu. Kwa hivyo Baba Wangui, kwa uchungu mwingi, alinifundisha kushika santuri: nawa mikono, shika ukingoni, usiguse uso wake. Mtoto wake alinikabidhi kwa mkono mmoja akitafuta viatu. Santuri alinikabidhi kwa mihadhara mitatu.

Sasa siku hiyo ukungu ulikuwa mzito hata sioni choo. Nimeweka santuri, Wangui anaanza kulegea, nikasikia mtu amekohoa. Nikageuka. Mzee amesimama katikati ya sebule. Suti ya kijani, kofia mkononi, kwenye koti vifungo vitatu vyeusi na kimoja cheupe. Mbwa hakubweka. Mlango sikuusikia. Na viatu vyake, hapo ndipo damu yangu ilisimama. Tetu, mwezi wa saba, hakuna mtu anaingia kwangu bila kuleta nusu shamba kwa viatu. Vya huyu viling'aa. Sakafu ilikuwa kavu.

"Karibu ukae, guka," nikasema, kama ninavyomwita babu yangu. Ningesema nini? Mgeni ni mgeni. Nikamimina chai kutoka kwa thamosi, nusu ikaenda kwa meza.

Hakuigusa. Alikuwa anaitazama mashine kama mtu anayetazama mwanawe akipigwa.

"Msichana wangu," akasema, "nani amenifanyia hivi?"

"Nani amekufanyia nini?"

"Hiyo ni mimi. Mimi niko na saksafoni ndogo, ile ya sauti ya juu. Nilikuwa nacheza mbio! Watu wa Nanyuki walikuwa wanavua viatu! Sasa tangu niondoke sijapumzika hata siku moja, nikilala hivi, nasikia mimi mwenyewe nikilia kama ng'ombe anazaa."

"Tangu uondoke kwenda wapi?" nikauliza, na nilijua. Wallahi nilijua, na mimi si Mwislamu.

"Nilizikwa Alhamisi moja, mwezi wa nne," akasema. "Mvua ilinyesha, na nyama haikutosha."

Wewe ungefanya nini? Ungekimbia? Nakuambia, mtu hukimbia akiwa na nguvu. Nilimkumbatia Wangui, nikakaa. Mzee akanyoosha kidole kwenye kijiti kidogo kilicho pembeni mwa mashine, cha kubadilisha mwendo. Mume wangu, bingwa wa santuri wa kaunti nzima, mtu anayesahihisha wenzake kwa simu mpaka chakula kinapoa, alikuwa anacheza santuri ya kuzunguka mara arobaini na tano kwa dakika kwa mwendo wa thelathini na tatu. Miezi mitatu! Huzuni yote ile ilikuwa kijiti.

"Sukuma," mzee akasema. "Mimi siwezi kushika."

"Sitaki."

"Ati?"

"Guka, samahani, lakini huyu mtoto analala kwa ng'ombe huyo. Wewe unataka kupumzika. Mimi pia nataka kupumzika, na mimi bado niko hai."

Akanitazama, na uso wake ukawa baridi hivi kwamba chai mezani ikaacha kutoa mvuke. "Basi nitakuwa nakuja kila siku," akasema. "Nitasimama hapa."

Nikasukuma. Woi! Saksafoni iliruka kama jogoo aliyemwagiwa maji. Tamu, siwezi kukataa, hata mguu wangu ulianza kunisaliti. Mzee akafumba macho, akatabasamu. Na Wangui akafumbua yake, yote mawili, akaanza kurukaruka mapajani mwangu kama yuko harusini.

Hapo nilisahau kwamba naongea na maiti. Hasira ilinipanda kutoka kwa nyayo. "Umefurahi? Haya! Sasa nani atamlalisha? Wewe? Nyinyi wanaume, hai kwa wafu, mnakuja, mnaguswa na muziki wenu, halafu mama abaki na mtoto! Wewe ulikuwa na watoto?"

"Sita," akasema.

"Ulilalisha wangapi?"

Akageuza kofia mikononi, mara moja, mara mbili. Mzuka mzima, kaona aibu! "Nilikuwa hotelini nikicheza," akasema polepole. "Mama yao ndiye alijua hiyo kazi."

Mtoto akazidi kuruka.

"Geuza upande wa pili," mzee akasema mwishowe.

Upande wa pili Baba Wangui aliutupilia mbali siku ya kwanza. Kwa mwendo wake wa kijinga ulisikika kama redio iliyoishiwa na betri, akasema umeharibika. Nikaugeuza, nimeshika ukingoni. Ikaanza saksafoni ya chini chini, laini, kama mtu anayeongea akiwa tayari ndani ya blanketi.

"Huo tulirekodi alfajiri," mzee akasema. "Sote tulikuwa tumechoka. Mpiga ngoma alilala katikati, ukisikiliza vizuri utajua."

Wangui alilala kabla sijajua nisikilize wapi. Na mimi, ndio, nililala. Niliegemea kiti mbele ya mtu aliyezikwa na nikalala mpaka mdomo wazi. Nicheke, ukitaka. Zilikuwa saa tatu mfululizo, za kwanza tangu nizae.

Niliamshwa na Baba Wangui, amesimama juu yangu na miwani yake. "Nani amegusa hiki kijiti?"

Nikamweleza yote. Akasema nina uchovu. Akasema haiwezekani, yeye ni mtaalamu. Nilipofika kwa kifungo cheupe, alikaa chini. Mjane wa mzee alikuwa amemwambia kwamba alikishona yeye mwenyewe asubuhi ya mazishi, kwa sababu cheusi hakikupatikana. Hilo hakuwahi kuniambia.

Midomo ilimkauka. Nikadhani ni woga, nikataka kumshika mkono.

"Alikuwa hapa," akasema. "Kwa hii sebule. Na hukumuuliza nani alipiga ngoma?"

Huyo ndiye mume wangu. Tangu siku hiyo ukungu ukishuka anafunga duka saa saba, anapanda nyumbani, anavaa shati safi, anaweka vikombe viwili vya chai na daftari la maswali. Mke wa mzee aliambiwa mzee akitokea kwake, Baba Wangui aitwe. Anasema mgeni alikuja mtoto akilala, kwa hivyo ni lazima mtoto alale hivyo hivyo: anamchukua Wangui, anaweka upande wa pili kwa mwendo wa haki, anambembeleza kifuani na kutazama mlango. Amejua kubadilisha nepi. Na mimi huenda chumbani, nikafunga, nikalala mpaka jioni.

Mzee hajaja. Hatakuja. Aliniambia mwenyewe kabla sijafumba macho: "Sasa nimepoa, msichana wangu. Hapa sirudi."

Hilo sijamwambia Baba Wangui, na hii haitamfikia, hasomi kitu kisichozunguka. Kwa hivyo nakuonya wewe. Ukikutana naye mjini akuulize kama wafu hurudi mara ya pili, mwambie hurudi, awe na subira. Ukimwambia ukweli, nitakutafuta, na mimi nikija nakuja na matope.