Mwandishi Akae Nyuma, Asome Mwingine

Habari ilinikuta kwa kinyozi, upande mmoja wa kichwa umenyolewa na mwingine bado. Simu yake ililia, akasikiliza, akazima mashine. "Baba, ule Prof wa vakansi amekufa," akaniambia, kisha akakaa kwenye benchi la wateja kana kwamba amefiwa na kaka yake. Sikumhimiza. Kinyozi wangu hakuvuka shule ya msingi, lakini kila kiangazi alifunga duka mapema ili awahi kwenda kusikiliza masomo ya jioni ya mtu huyo. Nilitoka pale na kichwa cha nusu na nusu, na jua la Likasi likanichoma upande mmoja.

Mpenzi msomaji, marehemu simtaji jina, kama desturi ya safu hii, ila waliowahi kupita karibu na ukumbi wa parokia yetu wakati wa vakansi, ile likizo kubwa, wameshamjua. Alikuwa mhadhiri mjini Lubumbashi, lakini ni mtoto wa hapa. Wazazi wake waliletwa kutoka Kasai kufanya kazi migodini hapa Katanga, na yeye akazaliwa na kukulia Likasi. Kila mwaka vyuo vikifungwa alirudi kuendesha darasa la uandishi kwa vijana waliomaliza digrii ya kwanza na kuendelea na masomo ya juu. Asubuhi wageni walikuja kuzungumza nao: mchapaji aliyewaeleza kitabu kinavyotengenezwa, mwanasheria aliyewafundisha kusoma mkataba kabla ya kutia sahihi, mtangazaji wa redio aliyewaonyesha jinsi ya kupumua mbele ya kipaza sauti. Alitaka wajue kalamu ni kazi, nayo ina wajanja wake. Mchana waliandika. Jioni, kabla baridi haijakaza, mlango ulifunguliwa kwa mtaa mzima, na yaliyoandikwa yakasomwa kwa Kiswahili tunachonunulia mihogo sokoni.

Sharti lilikuwa moja: mwandishi hasomi kazi yake. Husoma mwenzake, na mwenyewe hukaa kiti cha nyuma kabisa, kimya hadi mwisho, bila kueleza wala kujitetea. Nilimwuliza sababu. "Ukisoma weye, batu banakusikia weye," alisema. "Akisoma mwingine, banasikia maneno. Na ule mwenye kusoma, yale maneno yanapita mu kinywa yake. Hataweza tena kusema hayajui."

Sharti hilo nililionja mwenyewe. Mwaka mmoja alinialika niwaeleze vijana namna ya kuandika magazetini. Ee bwana, nilijipanga! Nilivaa koti, nikabeba hotuba yenye Kifaransa cha kumtisha askofu. Nilipoinuka, Prof akanyoosha mkono, akaitwaa hotuba yangu taratibu kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu, akampa binti mmoja wa mstari wa mbele. "Soma, mama. Baba ataikala kule nyuma." Nikakaa nyuma. Binti alisoma vizuri tu, kosa halikuwa lake. Lakini ile sentensi niliyoipenda kuliko zote ilipokwisha, niliona watu wanapiga miayo, na mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao. Prof alicheka mpaka akavua miwani. Jioni hiyo hiyo nilikata nusu ya hotuba, na tangu hapo safu hii husomwa kwa sauti na mke wangu kabla haijakwenda kwa mhariri. Mkiona imekuwa fupi, mshukuruni yeye.

Ila jioni ninayotaka kuieleza si ya kucheka. Binti mmoja wa ukoo wenye asili ya Kasai aliandika juu ya nyanya yake katika miaka ile ya treni. Wazee wanaijua, na vijana huambiwa nusu nusu: watu wa asili ya Kasai waliozaliwa hapa, waliozika wazazi wao hapa, waliambiwa na Wakatanga wakusanye vitu vyao, wapande treni waende "kwao". Nyanya huyo aliacha bukari, ule ugali wetu, jikoni, akampa jirani kuku wake, akaenda kufia Kasai, mahali ambapo hakumjua mtu. Binti aliandika: "Majirani walisimama barabarani. Wengine walitupigia kelele. Wengine walitazama miguu yao."

Kura ya kuisoma ilimwangukia kijana wa Kamatanda, Mkatanga kwa baba na kwa mama. Aliipitia kimoyomoyo, akarudi kwa Prof, uso umembadilika. "Prof, hii minye siwezi. Mama yangu iko pale." Kweli mama yake alikuwa mkekani mbele, mwuza makaa, amekuja kumsikia mwanawe msomi. Ukumbi ulijaa watu wa asili zote mbili, Kasai na Katanga. Mjumbe mmoja wa parokia akamnong'oneza Prof kwamba jambo hili likiwasha moto, ukumbi atausahau. Prof hakumlazimisha kijana, wala hakuichukua ile karatasi aisome yeye. Ndipo yule mama, ambaye alikuwa amesikia kila kitu, akasema bila kuinuka: "Soma, mwana. Minye nilikuwaka pale. Weye haukuzaliwa."

Kijana akasoma. Kwenye majirani alirudia mstari, akaendelea hadi mwisho. Hakuna aliyepiga makofi. Asubuhi yake yule mama alifika nyumbani kwa binti, kitenge amejifunga kiunoni, kikapu cha unga kichwani. "Nimekuya ku kilio ya nkambo," akasema, yaani amekuja kumlilia nyanya aliyefariki mbali, zamani, bila mtu wa Likasi kuja msibani. Kwetu huwezi kumkataza mtu kilio eti amechelewa. Walimtandikia mkeka, akakaa chini na wanawake wa nyumba ile, wakalia.

Kuna lililonikera siku nyingi. Prof mwenyewe alikuwamo katika treni ile. Alikuwa mwalimu kijana, na aliondoka na mfuko wa karatasi za mtihani alizokuwa hajazisahihisha. Alizisahihisha zote njiani, huku wanafunzi wenyewe wamebaki Likasi. Alinisimulia siku moja, miaka mingi baada ya kurudi huku, tukinywa chai, kisha akabadilisha mazungumzo. Nikamwambia, andika basi, wewe unayewaandikisha wenzako! Akajibu: "Nikiandika, nitamupa nani asome? Minye nataka isomwe na kinywa ya hapa. Na siwezi kulomba mutu." Alikuwa na hamu hiyo moja, asomewe na Mkatanga, na aliona aibu kuiomba.

Basi alipofariki, familia ikanipa kazi ya kuandika wasifu wake wa kusomwa msibani. Nikaandika, na treni nikaiweka, na mfuko wa mitihani nikauweka. Kaka yake mkubwa akanivuta pembeni: "Pale pa treni muruke, tafazali. Kilio haiko fasi ya palabre." Sikumlaumu. Aliogopa ugomvi mbele ya jeneza la mdogo wake, na nani asingeogopa? Sikupafuta, ila nikataka angalau kusoma mwenyewe ili nipasome kwa upole. Wapi! Wanafunzi wake wakanizunguka: "Baba, sharti ni sharti." Wakampa karatasi kijana wa Kamatanda, siku hizi ni mwalimu, nami nikapelekwa kiti cha nyuma.

Alisoma kuzaliwa, alisoma shule, alisoma kazi ya kwanza. Alipofika kwenye treni akasita. Akamtazama kaka mkubwa, ambaye aliinamisha kichwa. Nilitamani kupiga kelele, lakini nilikuwa kiti cha nyuma, na kiti hicho hakina kinywa. Kutoka kwenye mikeka ya wanawake nikaisikia sauti ninayoijua. "Soma, mwana," alisema yule mama mwuza makaa. "Tulikuwaka pale." Na mwanamke mwingine akaitikia, na mwingine tena: "Tulikuwaka pale."

Akasoma yote, treni na mfuko wa mitihani. Hapakuzuka ugomvi wowote. Kaka mkubwa alilia kwa sauti, na wa kwanza kumshika bega alikuwa kinyozi wangu, baba yake mzee Mkatanga akiwa nyuma yake.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Sisi wa Likasi tumeficha yetu kwa adabu, tukidhani adabu ndiyo amani. Prof alituonyesha njia nyingine: jeraha la mwenzako lipitishe kinywani mwako, ulisome hadi nukta ya mwisho, halafu uende kwake na unga. Vijana wameshakubaliana kwamba kiangazi kijacho ukumbi utafunguliwa. Nami nikuage, Prof, kwa neno ulilolingojea miaka yote: yako imesomwa, na kinywa kilikuwa cha hapa.