Namba ya Mama Mkubwa Edelmira

"Mama Mkubwa, humu ndani tuko wangapi?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa na miaka tisa, kwa sababu alikuwa ameandaa sahani nne na sisi tulikuwa watatu: mimi, mama na yeye. Akachota mchuzi wa kuku na boga, akaijaza na ile ya nne.

Mama Mkubwa Edelmira ni mpishi wa kituo cha kutazama nyota, mlimani juu ya mji wa Vicuña. Hupanda wiki moja, hushuka wiki moja. Kule wanapima ulimwengu unatanuka kwa kasi gani. Wataalamu wenyewe hujiogopa: moyo ukitamani jibu fulani, mkono huisogeza hesabu huko bila mtu kujua. Kwa hiyo vipimo huongezewa namba ya siri, iliyochaguliwa na mtu asiye na lake kwenye jibu, na haiondolewi mpaka kazi yote iishe. Mwaka ule walimchagua yeye. Aliiingiza mwenyewe kwenye kompyuta, nakala akaifunga kwenye bahasha. Ikimponyoka mdomoni, kazi ya miaka imemwagika.

Basi akaacha kutaja namba yoyote. Sokoni aliinua vidole. Saa hakusema, umri hakusema. Daktari Gamboa, mkuu wa upimaji, alikuwa akiingia jikoni kumchokoza.

"Doña Edelmira, niambie tu, ni kubwa au ndogo?"

"Kula, daktari. Hiyo ni njaa inauliza."

Alitusimulia hayo akicheka. Ila mchana akijipumzisha nilimsikia chumbani akinong'ona, kisha akinyamaza, kama anayemsubiri mwenzake amalize. Mama alisema tumwache, mlima unachosha. Sahani ya nne iliendelea kuandaliwa, na kila mara niliikuta tupu.

Mwezi uliopita bahasha ilifunguliwa. Namba ikaondolewa, na kasi iliyobaki ikawa kubwa kuliko inavyotarajiwa kutokana na mwanga wa kale kabisa, uliobaki tangu ulimwengu uanze. Daktari Gamboa akarudia hesabu, haikushuka. Akamwambia Mama Mkubwa kwamba labda humo ulimwenguni kuna kitu ambacho hakuna aliyewahi kukihesabu.

Jumapili alishuka nyumbani akataja namba, baada ya miaka sita: mayai kumi na mawili, saa saba na nusu. Mama akampigia makofi. Tukakaa mezani. Sikuwa nimeuliza kitu. Akanitazama, kisha akakitazama kiti cha pembeni yangu.

"Tuko wanne, mwanangu. Sogea kidogo."