Kaimu Mshindi

Mguu wa kulia wa Verlene Stuckey ulianza kucheza saa mbili asubuhi, Jumamosi, kabla hata hajaonja kahawa. Alikuwa ameketi kiti cha tatu, safu ya pili, katika ukumbi wa Hollywood ambamo kesho yake waigizaji wangepewa tuzo. Alikuwa akisubiri kadi ya kuning'iniza shingoni yenye jina la mwanamke mwingine, na kadi ilikuwa haiji.

Kazi yenyewe ni hii. Siku moja kabla ya sherehe, wakubwa wakiwa bado majumbani wanapakwa matope usoni, watu wasiojulikana hukalia viti vyao ili wapiga kamera wajue pa kuelekeza macho. Bahasha ya uongo hufunguliwa. Mtu husimama akasema, "Kwa mazoezi haya tu, mshindi ni..." na hayo maneno manne ya mwanzo hayaachwi hata ukumbi ukiungua, isije mtu akadhani siri imevuja. Kisha mshindi wa uongo hupanda jukwaani, hulia, hushukuru kwa sekunde arobaini na tano, hurudisha sanamu ya plastiki, hupewa mkate wenye nyama ya bata mzinga, akaenda zake.

Verlene alikuwa mshindi huyo kwa miaka kumi na moja. Alitoka Bakersfield akiwa na miaka ishirini na miwili ili awe nyota. Sasa ana sitini na mmoja, na siku za kazi huwapima watoto miguu katika duka la viatu huko Reseda. Filamu alizotokea ni tatu. Katika mbili alikuwa maiti. Lakini kulia anajua, na Odell Prewitt, msimamizi wa jukwaa, alimpendea hilo. "Wengine wanalia kama wamekata kitunguu," Odell husema. "Huyu analia kama amekatiwa umeme."

Balaa lilianza Alhamisi, gazetini. Mji huu hauna waganga wa kupiga ramli kwa sababu una watabiri wa tuzo. Hao, kuanzia Septemba mpaka Machi, huangalia nani kamkumbatia nani, nani kavaa kijani, nani kacheka kwenye chakula cha mchana, kisha huandika majina kwa uhakika wa mtu aliyekula na Mungu. Mmoja wao alikuwa amegundua, kwa mdomo wa mtu asiyejua kufunga wake, kwamba wanawake wote kumi na mmoja ambao Verlene alishinda kwa majina yao mazoezini, kesho yake walitoka mikono mitupu. Akauita Mkosi wa Kiti cha Tatu.

Sasa, wagombea ni watano na mshindi ni mmoja. Kuku akidonoa jina lolote, mara nne kati ya tano atakuwa amedonoa aliyeshindwa. Lakini nani ana haja ya hesabu wakati kuna mkosi?

Verlene hakuweza kukaa. Akatoka nje, akarudi, akatoka tena. Barabarani zulia jekundu lilikuwa limelazwa chini ya plastiki kama nyama buchani, na Garnik Tatosyan, fundi aliyelitandika, alikuwa amepiga magoti pembeni akikata ukingo kwa kisu.

"Hii ni mara ya tatu unanikanyagia," alisema bila kuinua kichwa. "Una chawa?"

"Umesoma gazeti?"

"Mke wangu kanisomea. Mara mbili, kwa sauti. Leo kaamka anauliza kama na mimi umewahi kunishindia kitu."

"Mwambie nilikushindia yeye."

Garnik alicheka mpaka kisu kikamponyoka. "Tulia, mama. Hawa wanajiona wamezaliwa juu ya zulia. Wakati sinema ni kitoto kichanga, New York walikuwa wanawatandikia zulia jekundu abiria wa treni! Watu na masanduku yao, wengine wananuka miguu. Waigizaji wamelidandia tu."

"Miguu naijua mimi," alisema Verlene. "Garnik, wakininyima hiki kiti nimekwisha. Mwaka mzima watu wananitazama nimeinama. Nina sekunde arobaini na tano tu za kusimama wima."

Garnik alifungua mdomo, lakini Odell alikuwa ameshatokea mlangoni, simu sikioni, nyingine mkononi, uso kama aliyemeza limau.

"Verlene, mpenzi, njoo. Mwaka huu utapiga makofi tu."

"Nani kasema?"

"Wapiga debe wa wagombea. Wote watano. Kila mmoja anasema, mpe yeyote yule mwanamke isipokuwa wangu."

"Basi niweke nikae kwa aliyeshindwa. Nitauma midomo, nitatabasamu..."

"Hata huko hawakutaki! Mmoja kaniuliza kama unaweza kupigia makofi mtaa wa pili."

"Na kiti cha tatu anakaa nani?"

Odell alikohoa. Hapo ndipo palipomuuma. Asubuhi hiyo alikuwa amewaomba waigizaji saba, watu wasio na kazi, wenye njaa ya kuonekana hata na mlinzi wa mlango, na wote saba walikuwa wamekiangalia kile kiti kama kimewekwa nyoka. Mwenye kamera alikuwa anapiga kelele apewe mtu, mtu yeyote, mwenye kichwa na miguu miwili.

"Huna mtu," alisema Verlene.

"Sina mtu."

Verlene akaingia naye ukumbini, akamchomolea mfukoni kadi tupu na kalamu ya wino mzito, akaandika, akajitundika shingoni. Odell alisoma, akatazama saa, akatazama dari.

"Haya. Lakini sekunde ni zilezile."

Na kijana mwenye bahasha, akizuia kicheko, akatangaza: "Kwa mazoezi haya tu, mshindi ni Verlene Stuckey."

Ukumbi ulipasuka kwa vicheko. Akapanda. Miaka kumi na moja ameshukuru waume wasio wake, watoto asiowazaa, Mungu wa makanisa asiyowahi kuingia. Sasa machozi yaligoma. Sekunde kumi. Kumi na tano.

"Namshukuru dada yangu Joyce," alisema hatimaye. "Kila Krismasi ananiambia nirudi nyumbani. Joyce, siji. Nawashukuru madaktari wote walionikuta nimekufa. Mlinishika vizuri. Nawashukuru mama zenu, wanaosema viatu vinabana wakati vinawatosha watoto..."

"Muda!" Odell alipiga kelele. Maikrofoni ikaanza kuzama sakafuni, kama inavyowafanyia wote wasiojua kunyamaza. Verlene akainama nayo.

"...namshukuru Garnik, aliyeko nje..."

Akapiga magoti.

"...na huyo mtabiri, mbwa yule, maana bila yeye..."

Akalala kifudifudi, akimalizia shukrani ndani ya tundu. Hakuna aliyecheka tena. Mwenye kamera alikuwa anamfuata mpaka chini, jicho halipepesi.

Odell alikuja kumsimamisha.

"Na mwakani?" Verlene aliuliza, akipangusa vumbi.

"Mwakani njoo na kadi hiyohiyo. Lakini ujifunze kufupisha, mama. Arobaini na tano."

"Hamsini," alisema Verlene.